Kiti cha Shilingi 32,000 na Uwanja Wetu wa Songwe

Maneno haya niliyasema jijini Mbeya mbele ya wafanyabiashara, wakulima, madereva na viongozi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikapunguza salamu tu.

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, kina mama wa Mwanjelwa mliofunga meza zenu mapema ili mfike hapa, vijana wa bajaji na teksi kutoka Mbalizi: itifaki imezingatiwa. Ndaga fijo kwa kunialika.

Naomba nianze na mzee mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2013 nilikuwa na kibanda cha tiketi pale Kabwe, nikiuza za mabasi na za ndege. Mzee huyo aliingia amevaa koti zito la baridi yetu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna ndege inakwenda Dar kwa nauli inayokaribiana na ya basi. Akaniuliza mara tatu, "Mwanangu, hiyo pesa ndiyo yote, au kuna nyingine nitadaiwa nikiwa huko juu?" Nilipomwonyesha jumla, akafungua leso na kuhesabu noti za elfu mbili mbili, akizinyoosha moja moja kwa kidole gumba. Mwanawe alikuwa amelazwa Muhimbili. Baada ya wiki mbili alirudi kibandani na mfuko wa mchele wa Kyela, akaniambia, "Asubuhi nilikunywa chai kwangu. Mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa nimekaa kitandani pa mwanangu."

Basi la Dar wakati ule lilikuwa safari ya kutwa nzima, zaidi ya kilomita 800, na mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku. Angekwenda kwa basi angefika usiku, akalala kwa watu, akamwona mgonjwa kesho yake. Ndugu zangu, ninapozungumzia uwanja wa ndege ninamzungumzia mzee yule. Wakubwa wataruka tu, hata nauli iwe ngapi. Mimi nimekuja kuuliza kwa nini kile kiti cha mzee kilipatikana, kwa nini kiliondoka, na sisi watu wa Mbeya tufanye nini kirudi.

Wenye umri wangu mnakumbuka uwanja wa zamani, ule wa mjini. Ulikuwa mfupi, umebanwa na nyumba, na ndege kubwa haikuweza kutua. Uwanja wa Songwe ulipoanza kutumika Desemba 2012, ukiwa na njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3, tulipata kitu ambacho mikoa mingi haikuwa nacho. Na kwa bahati njema, wiki chache kabla, tarehe 29 Novemba 2012, Fastjet, shirika la nauli nafuu, ilikuwa imeanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza. Mnazikumbuka ndege zile zilizochorwa kasuku wa kijivu. Nyuma yake alikuwamo Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet, shirika la nauli nafuu la Uingereza, na nauli ya chini kabisa waliyoitangaza ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada. Novemba 2013 kasuku akatua Songwe.

Ile 32,000 ilitoka wapi? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana mjadala wetu wote wa uwanja unapotea hapa. Watu hudhani nauli nafuu ni huruma ya mwenye ndege, au ujanja wa kuvuta wateja halafu kuwakamua. Ndege ni kama daladala la mkataba. Hesabu ya mwenye gari unaipeleka jioni, umebeba abiria au umelala gereji. Kodi ya ndege inalipwa kila mwezi, tena kwa dola. Kwa hiyo shirika la nauli nafuu linafanya mambo machache lakini linayafanya kwa ukali sana. Linatumia aina moja ya ndege, ili rubani, fundi na spea viwe vya namna moja. Linajaza viti vyote. Airbus A319 za Fastjet zilikuwa na viti 156. Anayekata tiketi mapema analipa kidogo, anayekuja dakika za mwisho analipa zaidi. Mzigo unaulipia, soda unainunua. Na juu ya yote, ndege haikai chini: ikitua, ndani ya nusu saa abiria wameshuka, wengine wamepanda, imeondoka. Kila saa inayoongezeka angani inapunguza gharama ya kila kiti.

Sasa mpeni mtu huyo uwanja ambao jua likizama umefungwa. Songwe ilifunguliwa bila taa za kuongozea ndege, na ikaendelea hivyo miaka na miaka. Jengo la abiria nalo likasuasua, tukawa na njia nzuri ya kurukia na mahali pa kusubiri pasipofanana nayo. Ndege iliyopaswa kupiga safari ya jioni Mbeya ilipelekwa kwingine, au ililala Dar. Na asubuhi kuna ukungu. Ninyi wa Mbalizi mnaujua kuliko mimi: unashuka kutoka milimani, unalala juu ya bonde, na mpaka saa tatu, saa nne, huoni mti ulio ng'ambo ya barabara. Jioni uwanja umefungwa kwa giza, asubuhi umefungwa kwa ukungu, na katikati ndiyo tunataka ndege izunguke kama pia.

Nilikuwa kwenye ndege mojawapo asubuhi kama hiyo. Sitataja ilikuwa ya nani, kwa sababu kosa halikuwa la rubani. Tulikuwa tunawahi mazishi ya shemeji yangu huko Tukuyu, yamepangwa saa nane mchana. Tulizunguka mara ya kwanza, tukazunguka mara ya pili. Kwa dirishani niliona kilele kimetokeza juu ya ukungu, cheusi, karibu kabisa, na chini yake weupe mtupu. Rubani akatangaza kwa sauti ya upole kwamba tunarudi Dar. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa ameshika kanga mpya ya kumfunika marehemu, ameikunja vizuri mapajani. Hakusema neno. Aliikunjua, akaikunja tena, akaikunjua, mpaka tukatua Dar. Alizikosa salamu za mwisho kwa ndugu yake wa tumbo moja. Shirika nalo siku ile lilichoma mafuta ya kwenda na kurudi bila kumfikisha hata mtu mmoja. Hasara ya namna ile hailipwi na waliokuwamo siku ile peke yao. Inaingizwa kwenye nauli ya kila atakayeruka Songwe kesho na keshokutwa.

Nije kwenye lililotuuma. Fastjet iliondoka, na kuna hadithi mbili zinazopigwa mitaani. Ya kwanza inasema ilijiua. Ya pili inasema iliuawa. Mimi nasema kila moja ina kweli yake, na anayechukua moja tu atatupotosha.

Ilijiumiza. Ndege ya viti 156 ni kubwa kwa njia nyingi za nchi hii, nayo ilitumbukizwa kwenye soko lililokuwa bado linajifunza kupanda ndege. Mapato yalikuwa ya shilingi, madeni ya dola, na shilingi ilipoteleza hesabu ikateleza nayo. Walikuwa na ofisi kuu Uingereza, mwaka 2016 wakaihamishia Johannesburg. Wakaziacha Airbus, wakaleta ndege ndogo zaidi, Embraer, baadaye ATR. Mwaka 2018 kampuni mama ikajitoa, hisa zikachukuliwa hapa nyumbani. Desemba mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, madeni yakiwa yamejaa. Haikuruka tena.

Na kwa upande wa pili, ni katika miaka hiyohiyo serikali ilipoamua kuifufua ATCL, shirika la ndege la taifa. Septemba 2016 zikaja Bombardier Q400 mbili, zenye viti 76 kila moja, saizi inayoifaa Mbeya kuliko Airbus. Julai 2018 ikaja Dreamliner, ile kubwa ya safari za mbali. Desemba 2018, mwezi uleule wa notisi, ikatua Airbus A220 ya kwanza barani Afrika. Sikufichi, nilifurahi. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1977 baada ya lile la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, likapita katika ndoa na South African Airways kuanzia 2002 mpaka 2006 iliyoliacha hoi, likafika mahali pa kubakiwa na ndege moja. Mtanzania gani hakufurahi kumwona twiga wa nembo yake anaruka tena? Lakini ndege zile zilinunuliwa kwa fedha ya umma na shirika likazikodi kutoka kwa wakala wa serikali. Mfanyabiashara binafsi anakodi kwa bei ya soko la dunia. Wakipanga foleni ya kuuza tiketi ya njia moja, mmoja ana baba wa kumlipia akikwama. Na amekwama kweli: ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka 2022/23 ilionyesha hasara inayozidi shilingi bilioni 56, huku baadhi ya zile A220 zikiwa zimeegeshwa kwa sababu ya injini.

Precision Air nayo msiisahau. Mwaka 2011 iliwauzia wananchi hisa, na wengine humu ndani mlinunua, najua. Fastjet ilipoingia na nauli zake, Precision ikaingia kwenye hasara nzito. Kwa hiyo ushindani nao unaua. Mashirika ya nauli nafuu yenyewe hufa: 1time ya Afrika Kusini ilikufa 2012, Mango iliacha kuruka 2021. Jambojet ya Kenya imeishi tangu 2014, lakini ina mama yake, Kenya Airways. Sisemi ushindani ni asali tupu. Nasema kwamba kule dirishani kwangu, kasuku alipoondoka, tiketi ya kwenda na kurudi Dar ilifika bei ya ndama, na wateja wa aina ya mzee yule sikuwaona tena. Walirudi kwenye mabasi.

Na mabasi hayajakaa kutungojea. Tangu Oktoba 2023 yanaruhusiwa kusafiri saa 24. Mfanyabiashara anapanda jioni hapa, analala njiani, asubuhi yuko Kariakoo. Nauli yake ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kutegemea daraja, na hajalipia gesti. Huyo ndiye mshindani mkubwa wa uwanja wa Songwe leo. Anayepanga ratiba ya ndege bila kulitazama basi la usiku hajaijua Mbeya.

Kuna watu wazuri, wenye nia njema, wanaosema tutafute tena shirika moja la nauli nafuu, tulibembeleze, tulikubalie masharti linayotaka, uwanja utajaa. Nawaomba mtazame Ujerumani, kwenye uwanja unaoitwa Hahn. Ulikuwa kambi ya jeshi la anga la Marekani, kijijini, kilomita kama 120 kutoka Frankfurt. Mwaka 1999 Ryanair, shirika la nauli nafuu, ikaanza kutua pale. Kufika 2007 abiria walikuwa karibu milioni 4 kwa mwaka, kwenye kijiji! Wakajenga maegesho, wakajenga hoteli. Mwaka 2017 Ryanair ikaingia kwenye uwanja mkubwa wa Frankfurt wenyewe, ndege zikazidi kupungua Hahn, serikali ya jimbo ikauza hisa zake kwa kampuni ya Kichina, na Oktoba 2021 uwanja ukatangazwa umefilisika. Wale walikuwa na taa, barabara, vifaa vyote ambavyo sisi tunavililia. Walichokosa ni mlango wa pili wa kuingizia abiria.

Sisi tunayo milango mingine, na hiyo ndiyo inayonipa moyo. Tunduma iko kama kilomita 100 kutoka hapa, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Kasumulu iko upande wa Kyela, na ng'ambo yake ni Karonga, Malawi. Watu wa Nakonde wako mbali sana na Lusaka. Watu wa Karonga wako mbali na Lilongwe. Uwanja mkubwa ulio karibu nao ni wetu. Halafu kuna Lubumbashi. Wakongomani tunawaona kila siku katika maghala na maduka yetu, tunaongea nao Kiswahili, mizigo yao inapita barabara yetu. Hata kule Mwanza na Dodoma, mtu wa Mbeya anayetaka kwenda kwa ndege aghalabu anapelekwa kwanza Dar, baharini, ndipo arudishwe bara. Ndege ndogo ya viti 70 na kitu, mara tatu kwa wiki, inaweza kuanza njia hizo bila kumfilisi mtu.

Parachichi nitalisema kwa kifupi kwa sababu najua mnalisubiri. Kila mkutano mtu anasimama na kusema parachichi za Rungwe zitaokoa uwanja. Ndugu zangu, parachichi ni zito, na bei yake haibebi nauli ya ndege; linasafiri kwa kontena lenye baridi, kwa meli, na hivyo ndivyo inavyofaa. Tusiuhukumu uwanja kwa mzigo usio wake. Vifaranga wa siku moja, dawa, sampuli za maabara, spea ya mashine iliyosimamisha kiwanda: hivyo ndivyo vinavyokwenda chini ya viti vya abiria, na vinalipa.

Jambo ambalo ningependa viongozi wetu walibebe ni hili: ndege ilale Songwe. Taa sasa zipo, zimetuchukua miaka mingi kuzipata, na taa bila ndege inayolala ni umeme tu. Leo ratiba imepangwa kwa ajili ya mtu wa Dar anayekuja Mbeya. Ndege ikilala hapa, saa kumi na mbili asubuhi inaondoka na watu wa Mbeya, wanafanya shughuli zao Dar kutwa nzima, jioni wanarudi kulala kwao. Huyo ndiye anayeweza kulishinda basi la usiku, kwa sababu hapotezi usiku hata mmoja. Na ukungu? Muulizeni rubani yeyote: kupaa kunahitaji kuona umbali mfupi kuliko kutua. Ukungu ambao ungemzuia kutua asubuhi, mara nyingi hautamzuia kuondoka. Ndege ikirudi saa nne, bonde limeshafunguka. Kwa mpango mmoja wa kulaza ndege tunapunguza hasara ya safari zile zinazozunguka juu ya Mbalizi na kurudi.

Mamlaka ya viwanja nayo ina lake. Ada ya huduma ya abiria kwa safari ya ndani ni shilingi 10,000. Kwenye tiketi ya laki tatu huioni. Kwenye kiti cha 32,000 ni karibu theluthi. Kwa njia mpya, kwa mwaka wa kwanza, ada hiyo ishushwe, na maegesho ya usiku yawe bure. Na punguzo hilo apewe kila atakayekuja, awe wa serikali au binafsi, kwa karatasi moja inayobandikwa ukutani kila mtu aisome. ATCL tunaihitaji Songwe. Tunaihitaji iuze tiketi kwa bei inayolingana na gharama zake, na apatikane mwingine kando yake. Likiwa peke yake litapandisha. Likiuza chini ya gharama kwa fedha za Hazina litamfukuza mwenzake, halafu litapandisha. Sisi tumeshaviona vyote viwili.

Na sisi tuliomo humu? Shirika la ndege likiuliza Mbeya ina abiria wangapi, tunajibu kwa nyimbo: mkoa mkubwa, watu wengi, ardhi yenye rutuba. Rubani hapandishi rutuba. Wanataka kujua fulani anasafiri mara ngapi, siku gani, anakwenda wapi, yuko tayari kulipa ngapi. Hakuna mtu Dar anayeweza kuwaeleza hayo. Mama mwenye duka la vitenge pale Mwanjelwa anayajua, na daktari wa mifugo, na msimamizi wa ghala Tunduma.

Kwa hiyo nimeleta daftari. Lile kubwa lenye jalada jekundu, liko juu ya meza karibu na mlango, nimelichora mistari mwenyewe jana usiku. Kuna safu ya unakokwenda, safu ya mara ngapi kwa mwezi, safu ya siku, safu ya nauli unayoweza. Jina si lazima, andika kazi yako tu. Mstari wa kwanza nimeshauandika: wakala wa tiketi, Dar mara mbili, Lubumbashi mara moja kama njia itafunguliwa, Jumatatu asubuhi na kurudi jioni, shilingi 120,000. Kalamu mbili nimezifunga kwa uzi. Mkitoka kula, piteni upande ule.